Msalaba wa Darajani: Gari Linalozimika Lenyewe

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, najua. Niliwaacha kwenye kiti cha nyuma cha gari la marehemu, ukungu umewafunika, injini imezimika juu ya daraja la mfereji, na nyuma yenu lori linakuja. Mhariri anasema simu zimepigwa wiki nzima. Msomaji mmoja wa Kingsburg kasema mimi ni mtu katili. Nakubali. Twende.

"Washa," akasema Chencho.

Eulalia akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikagoma.

"Washa tena, komadre."

Ikagoma.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nakueleza mbiombio maana lori haliningoji. Eulalia Zamarripa ni mama wa miaka sitini na moja, anafunga zabibu kavu kiwandani hapa Selma. Gari hili la kijivu ni la mwanawe, Nazario. Nazario aligongwa na lori kwenye daraja hili hili Januari ya mwaka jana, asubuhi ya ukungu, akiwa ameshuka garini, na lori likatokomea. Gari lenyewe halikuguswa hata taa. Likakaa gereji mwaka mzima mpaka betri ikafa. Sasa limeshindwa kipimo cha moshi mara tatu, kibali cha muda kinaisha Jumatatu, na mumewe, Fermín, ameapa kwamba likishindwa mara ya nne atalipeleka mwenyewe likasagwe chuma chakavu. Aliyekaa pembeni ya Eulalia ni Chencho Luévano, fundi, aliyemshika Nazario siku ya ubatizo. Ndiyo maana mpaka leo wanaitana komadre na kompadre.

Honi ikalia. Haikuwa mbali.

"Shuka," akasema Chencho, mkono tayari uko mlangoni.

"Sishuki."

"Lala," akamwita kwa kifupi cha Eulalia, "hilo lori halituoni. Shuka, mama."

"Nazario alishuka," akasema Eulalia. Alisema taratibu, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha kahawa.

Chencho alitia gia huru, akaruka nje, akaegemeza bega kwenye nguzo ya mlango, akasukuma. Fundi huyu ana miaka sitini na nne na goti moja la chuma. Gari halikusogea. Akasukuma tena huku akimwaga matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Daraja lile lina tuta katikati, na tuta ndilo lililowaokoa: magurudumu ya mbele yakavuka kilele, gari likaanza kuteremka.

"Kata kulia! Njia ya matrekta!"

Eulalia akakata. Gari likatumbukia kwenye njia ya udongo kati ya mizabibu, likaserereka, likasimama. Lori la maziwa likapita juu ya daraja, taa mbili za njano, halafu tangi, halafu ukungu ukajifunga nyuma yake. Dereva hakuwaona kabisa. Upepo wake uliibeba kofia ya Chencho ukaitupa mferejini, na haijapatikana mpaka ninapoandika.

Chencho akakaa chini kwenye udongo baridi, anahema. Hatua chache kutoka dirisha la Eulalia ulisimama msalaba.

Ni msalaba wa mbao, mweupe, una maua ya plastiki na picha ya Nazario anacheka. Bonde letu limejaa misalaba ya namna hii. Mwili una kaburi lake mjini, lakini msalaba wa barabarani huwekwa pale roho ilipotoka, na Mmeksiko aliyelelewa akaleleka haupiti bila kupunguza mwendo na kujifanyia ishara ya msalaba. Mama mzazi ndiyo kabisa.

Na hapo ndipo Chencho alipopotea tangu siku ya kwanza.

Maana gari lililokaa mwaka bila betri husahau kila kitu. Kompyuta yake inakuwa tupu, na kituo cha moshi hakipitishi gari ambalo kompyuta yake ni tupu. Lazima kwanza lijipime lenyewe barabarani: liwashwe asubuhi likiwa baridi, lishike mwendo mmoja kwa maili kadhaa, kisha mguu utolewe lipungue lenyewe bila breki. Ukilikatiza katikati, siku nyingine unaanza upya. Barabara kuu ina malori na foleni, kwa hiyo Eulalia alitumwa barabara hii ya mfereji, iliyonyooka, isiyo na taa. Alikwenda mara tatu. Mara tatu Harleen, binti wa kituoni, alichomeka waya wake, akatazama kioo, akatikisa kichwa. Chencho akamuuliza komadre wake: unasimama njiani? Akajibiwa: nasimama kwa mwanangu. Fundi akaridhika kwamba ugonjwa umepatikana. Leo alipanda naye, kompyuta ya kupimia iko magotini, ili amlinde mama wa watu asiguse breki pale msalabani.

Na mama wa watu hakugusa breki.

Chencho akainuka, akaichukua kompyuta yake kitini, akaitazama kwa muda.

"Breki hujakanyaga," akasema.

"Nilikuambia sitakanyaga."

"Mafuta hujaachia. Mwendo ni hamsini na tano, umetulia, halafu injini inaporomoka mpaka sifuri. Yenyewe."

"Ndiyo."

"Komadre. Hii ni mara ya kwanza?"

Eulalia alikuwa anatazama picha msalabani. "Ya nne," akasema.

"Mara zote tatu lilizimika? Na ukaniambia umesimama?"

"Si nilisimama? Hukuniuliza nani kanisimamisha."

Chencho ni mtu anayewacheka wanaoogopa bundi. Kwenye gereji yake wateja wakimwambia gari lina mdudu, huwauliza mdudu huyo anakula nini. Lakini asubuhi ile, na msalaba ule pembeni, alijikuta anafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye grisi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelitengeneza."

Akaulizwa ana maana gani. Akaeleza, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikasema, kumbe anataka nikae naye. Nikakaa. Nikampa habari za nyumbani. Dada yako kajifungua. Paa linavuja upande wa chumba chako. Baba yako hasemi, anakula na kwenda kulala. Nikimaliza, nazungusha ufunguo, linawaka mara moja. Linawaka, kompadre. Kama ananiambia haya, nenda sasa, utachelewa kazini."

"Leo halikuwaka."

"Leo ulikuwepo wewe."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini ya mizabibu. Mahali fulani ndani ya mistari kulisikika kitu kinakatika: ka, kimya, ka. Halafu hakikusikika tena. Wote wawili waligeuka, na wote wawili wakajifanya hawakugeuka.

Chencho akaenda mbele ya gari.

"Usifungue," akasema Eulalia.

"Lala."

"Nimesema usifungue hiyo boneti, Crescencio."

Alipoitwa jina zima alijua amekanyaga pabaya. Lakini akatia vidole chini ya boneti hivyo hivyo. "Mtoto huyu nilimshika mimi juu ya maji," akasema. "Kama kuna kitu kinamsimamisha, na mimi nina haki ya kukijua."

Akafungua.

Alitafuta kwa tochi na kwa vidole. Akagusa plagi, akavuta mipira, akanusa. Kisha akainama chini kabisa, upande wa puli, akanyamaza ule unyamavu wa mafundi ambao mwenye gari akiusikia moyo humpasuka.

"Washa."

Eulalia akawasha. Likawaka mara moja, kama alivyosema.

Chencho akaupeleka mkono chini, akagusa waya mmoja kwa ncha ya kidole. Injini ikazimika.

"Washa."

Likawaka. Akagusa. Likazimika.

"Washa tena."

"Basi," akasema Eulalia. "Acha. Nimeona."

Alikuwa ameona kupitia upenyo wa chini ya boneti: kidole cha mtu mzima, waya mwembamba, na kile alichokiita mwanawe. Waya ule ndio unaoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ukiachia hata kwa kupepesa jicho, kompyuta inadhani injini imekufa, inakata mafuta. Barabara zetu za Bondeni ni tambarare, na tuta la kulirusha gari liko moja tu, la daraja hili. Ukilipanda kwa mwendo, waya unaachia. Ukitulia kidogo kando, unagusana tena.

Eulalia akashuka garini. Akasimama kati ya boneti na msalaba, hajui aelekee wapi.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

Chencho akafuta grisi kidoleni.

"Paa, na mtoto wa dada yake, na baba yake. Yote hayo nilikuwa nauambia waya."

Chencho alitamani asingeifungua ile boneti. Amenieleza mwenyewe kwamba katika miaka yote ya ufundi hajawahi kuuchukia ugonjwa alioupata kama alivyouchukia ule. Alimshika komadre wake bega, naye akakubali kushikwa, kwa muda. Halafu akajitoa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Subiri," akasema. "Basi lilimzimikia na yeye."

"Nani?"

"Nazario. Alipita hapa kwa mwendo, asubuhi, anawahi kazini. Lilimzimikia pale pale." Akaonyesha daraja, ingawa daraja halikuonekana. "Polisi waliniambia alisimama kwa mambo yake. Labda simu, labda kukojoa. Mwaka mzima watu wananiambia pole, mama, vijana hawana akili, nani anasimama darajani kwenye ukungu. Mwaka mzima nainamisha kichwa. Kumbe mwanangu hakuwa mzembe."

"Hakuwa."

"Lilimzimikia."

"Lilimzimikia, komadre. Na waya huu haukuanza kuachia siku ile. Ulikatika kabla, mtu akauunga." Chencho akamulika. "Njoo uone. Hii si kazi ya fundi. Umesokotwa kwa mkono, halafu ukafungwa na utepe wa shambani."

Eulalia akainama. Waya ulikuwa umezungushiwa utepe wa kijani, ule wa plastiki wa kufungia mizabibu kwenye waya za shamba. Ulizungushwa mara mbili, ukapitishwa chini, ukakazwa kwa fundo dogo la kulalia kushoto. Nusu ya wanaume wa mji huu wanafunga mizabibu, lakini anayefunga kwa mkono wa kushoto nyumbani kwa Eulalia yuko mmoja.

Hakulitaja jina. Hakuwa na haja, kwa sababu mwenye jina alitokea.

Alitoka kwenye mistari ya mizabibu, mkasi wa kupogolea umening'inia mkononi, umande umemjaa masharubu. Fermín Zamarripa, baba wa marehemu.

"Nimesikia stata," akasema. "Nikajua ni hili. Si nimesema gari hili lisirudi barabarani?"

"Nilidhani unapogoa mashamba ya Caruthers," akasema mkewe.

"Niliomba mistari ya huku."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uanze." Ndipo akaiona boneti iko wazi na tochi ya Chencho inamulika nini. Mkasi ukamshuka mkononi ukaning'inia kwenye kamba yake.

"Kompadre," Chencho akasema, "huu ni mkono wa nani?"

Nilitegemea angekana. Wanaume wengi ninaowajua wangekana, wangesema utepe wa kijani uko kila shamba, na ungekuwa uongo mzuri. Fermín alitazama tu.

"Wangu," akasema. "Panya waliutafuna. Alikuwa anataka kwenda kazini, nikamwambia nitaufunga, utavumilia mpaka kompadre arudi. Wewe ulikuwa umekwenda kwenu Michoacán kumzika mama yako. Nikasema siku mbili tatu tu."

"Ndiyo maana unataka lisagwe," akasema Eulalia.

"Ndiyo."

"Si kwamba huwezi kuliona. Unaogopa tulione sisi."

"Ndiyo, Lala."

Na sasa nisikilizeni, maana watu watamsema vibaya mwanamke huyu kwa yatakayofuata wiki zijazo. Jambo la kwanza alilofanya Eulalia Zamarripa lilikuwa kumsogelea mumewe na kumfuta umande usoni kwa kiganja. "Mjinga wewe," akasema. "Ungeniambia. Panya kala waya, wewe ukaufunga. Nani angekufunga kwa hilo? Ungeniambia tungelia wawili. Mwaka mzima nimelia na gari."

Fermín akaanza kulia. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi. Kama angeishia kwenye kulia, hadithi yangu ingeishia hapa na gari lingepita kipimo na mambo yangekwisha. Lakini mtu akifunguliwa hazibiki haraka.

"Nilimwambia akae," akasema ndani ya kilio. "Nilimwambia nitashuka mimi. Akasema baba, nje baridi, wewe hamia huku uzungushe ufunguo, mimi nitaangalia."

Kiganja cha Eulalia kikasimama kwenye shavu la mumewe.

Chencho akazima tochi. Hajui kwa nini aliizima.

"Ulimwambia lini?" akauliza Eulalia.

Fermín akautazama mkasi wake.

"Fermín. Boneti ilikuwa chini. Polisi walinileta hapa, gari niliona kwa macho yangu, boneti imefungwa. Ndiyo maana wakasema halikuharibika."

"Niliifunga mimi."

"Kabla hajagongwa?"

"Baada."

Eulalia akautoa mkono wake, akaufuta kwenye sketi.

"Polisi walipobisha nyumbani," akasema, "wewe ndiye uliyefungua."

"Nilikata kupitia mizabibu. Nilikuwa nimefika muda si mrefu."

"Ukaniita. Ukasema Lala, kuna askari mlangoni."

"Ndiyo."

"Nilipoanguka ukanidaka."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Mimi ningepiga. Alikwenda akauegemea msalaba wa mwanawe kwa mkono mmoja, akakaa hivyo, na Chencho akafikiri anaomba. Aliporudi hakumtazama mumewe. Alimtazama fundi.

"Kompadre, huo waya utaunganika?"

"Utaunganika. Nina vifaa."

"Unganisha vizuri, usifunge na takataka. Kesho asubuhi likiwa baridi tunalirudisha barabarani, Jumatatu tunakwenda kwa Harleen. Lisiposagwa, nani analipeleka nyumbani?"

"Wewe, komadre. Ni lako."

"Hapana. Ni la huyu." Akamwonyesha kwa kidevu. "Yeye ndiye atakayenipeleka kazini kila siku, kwa njia hii hii. Tukifika hapa atapunguza mwendo kwa mguu wake mwenyewe, atashusha kioo, na atamweleza mwanawe kwa nini alimwacha barabarani akaenda nyumbani. Kila siku. Mimi nitakaa pembeni nisikilize. Kwa hiyo gari lipite, Chencho. Sijawahi kutaka kitu kipite hivi."

"Nitafanya," akasema Fermín.

"Sikukuuliza."

"Nitafanya, Lala. Lakini hujaniuliza kwa nini nilikimbia."

"Uliogopa lori."

Fermín akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamekauka, na kilichobaki usoni mwake Chencho hakukipenda.

"Lori halikukimbia," akasema. "Mimi ndiye niliyewaacha watu waseme hivyo. Lilisimama mbele kidogo, likazima taa. Dereva akashuka. Akaja kwa miguu, akampita Nazario pale chini kama anaruka gogo, akaja mpaka kwenye dirisha langu, akagonga kioo. Akaniita Mincho."

Eulalia akaushika mlango wa gari. Jina hilo la utani la Fermín halijawahi kutoka nje ya nyumba yao.